Jinsi Shemeji Alivyouteka Mlima wa Kanisani

Njoni, enyi wenye masikio, nanyi mlioinjika vyungu punguzeni moto, niwasimulie vita vya shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, Simba wa Mteremko, Mtimua Vumbi, dhidi ya mlima wa kanisani. Namtanguliza Mungu, maana ulimi wa mjane huteleza.

Simba huyo alikuwa ameivika pikipiki yake tairi la nyuma kubwa kupita kiasi, akatangaza mtaani, "Tairi kubwa, nguvu kubwa." Na kweli, kwenye tambarare injini iliguna kivivu huku kilemba cha mkewe kikipepea kama bendera ya jeshi. Lakini mlimani farasi wa chuma alikohoa, akatetemeka, akazima, na malkia akashushwa matopeni mbele ya kwaya nzima.

Mdogo wangu, mshona nguo, akanena: "Baba watoto, nikishushwa tena Jumapili, nahamia pikipiki ya jirani."

"Mama watoto, usinivue nguo hadharani. Injini imechoka tu."

"Haijachoka. Wewe ukipanda mlima na gunia kichwani, unarefusha hatua au unafupisha?"

"Nafupisha."

"Basi tairi lako limeirefushia hatua. Injini ikizunguka kidogo tu, gurudumu limeshafika mbali. Tambarare raha, mlimani msiba."

Kulirudisha tairi? Aibu gani hiyo. Shujaa akaliendea duka la vipuri kutafuta gia ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na mnyororo, kwani meno yakizidi, hatua hufupika. Akaletewa za kila namna, naye, mja wa Mungu, akachagua kubwa kuliko zote. Mnyororo ukapelea, ukaongezwa pingili, grisi ikatapakaa uani kama damu ya maadui.

Jumapili ikawadia. Injini ikapiga mayowe ya majeshi, ndege wakahama miti, na pikipiki ikapanda. Ikapanda polepole mno, hata mimi na goti langu bovu nikawafikia, nikawapita.

"Shemeji, tukubebe?" akauliza, jasho likimchuruzika.

"Asante, baba, nina haraka."

Kwaya ikasimama kutazama. Mdogo wangu akafika mlangoni ameketi wima, viatu vikavu, akimshika mumewe kiuno kama siku ya harusi. Na vizazi vijue: siku ile mlima ulitekwa, na mke hakushuka.