Mwani Wangu na Mashimo ya Hamisa

Jumapili, 7 Agosti 1994

Mwani umekubali. Tangu nipunguzwe kazini, hiki ndicho kitu changu cha kwanza kuota. Ile mbegu ya Kifilipino niliyoletewa kutoka Unguja sasa hata kamba ya kuifungia haiitaki. Mawimbi yanaukata, vipande vinanasa mwambani, vinaota vyenyewe. Shamba linajipanua, mie nimekaa barazani. Shemeji Mwinjuma kuku wake wa kisasa wamekufa kwa kideri. Nimempa pole. Nikarudi kumpa tena.

Mke wangu Hamisa analalamika eti mwani umelalia mashimo yake ya pweza. Huku Mbezi kila mwanamke wa pwani ana mashimo yake mwambani, kayarithi kwa mama yake, na mwingine hayagusi. Kesho maji yakikupwa anakwenda kuyakabidhi kwa binti yetu, Najat. Nimemwambia pweza atazoea.

Jumatatu, 8 Agosti

Hawakuyaona. Wamerudi na kikapu kitupu. Hamisa anasema mwamba umefunikwa wote, ukifunua mwani unakuta matumbawe yamekuwa meupe, nyasi za bahari zimeoza, hata kaa hakuna. Mama mkwe, Bi Munira, akauliza kama na shimo kubwa la marehemu mama yake nalo limekwenda. Hamisa akainama kusafisha kikapu ambacho hakikuwa na uchafu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 10 Agosti

Hamisa kaniomba niung'oe kwa mkono, shina kwa shina, niutie kwenye magunia, niupandishe nchi kavu. Mgongo wangu huu? Nimechukua panga. Nimefyeka kama nafyeka majani ya uwanjani, na maji yalipoanza kujaa yakabeba vipande vyote. Safi kabisa. Wengine walipewa akili, wengine wakapewa kuku. Mwinjuma mwenyewe kanipa mkono wa hongera. Nimeupokea kwa unyenyekevu.

Jumapili, 21 Agosti

Bamvua jingine, maji yamekupwa mbali. Kila kipande nilichokata kimekuwa kichaka. Sasa si mashimo ya Hamisa peke yake, ni ya ufuko mzima.

Wanawake wamekuja uani kwa Bi Munira, wakakaa mkekani. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa na majibu tayari. Hakuna aliyetukana. Mmoja, Bi Farashuu, akasema yeye hana mume wala shamba, ana mwamba tu, basi kama mwamba haupo aambiwe watoto wake wale nini. Bi Munira akasema aibu ni yake, maana ndiye aliyenipa binti. Nimekwenda nyuma ya nyumba nikalia, kweli nimelia. Mwinjuma alipopita nikasema ni moshi. Jikoni hapakuwa na moto.

Jumatano, 24 Agosti

Siku zote hizi tumeng'oa kwa mkono, mie na wanawake wote, kila maji yakikupwa. Vidole vimechubuka. Magunia tumeyapandisha juu kabisa, mwani ukauke ufe. Leo Hamisa kapata shimo moja, lile kubwa la bibi yake. Halina pweza. Hata hivyo kamwita Najat, kamwonyesha pa kusimama kivuli chake kisiingie, na namna ya kutia kijiti taratibu. Mtoto akasema ndani hamna kitu. Hamisa akamwambia alijue tu mahali lilipo. Nimegeuza uso, moyo umeniuma sana.

Nimeapa mbele ya Bi Munira kuwa mwani basi. Kaniwekea mkono kichwani, kaniombea dua. Hamisa akaniuliza kwa upole kama magunia yote yapo huku juu. Nikamjibu yote.

Isipokuwa moja. Hilo nimelizamisha leo upande wa Kunduchi. Mbegu inayoota namna hii kuitupa ni dhambi, na safari hii nitaifunga kamba imara. Kule mwamba ni msafi, nafasi tele, na mashimo yake ni ya wanawake nisiowajua.