Floksi ya Dada Mercyline

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Naandika haya ili yabaki. Katika Nakuru hii, ukiondoa mvua, hakuna anayejua maua kunizidi mimi Sitati. Miaka ile ya Naivasha shamba lilikuwa halifunguliwi kabla sijafika. Waridi zikiniona zinasimama wima. Mzungu mmoja alilia siku niliyoondoka.

Leo Celestine amepiga simu. Ni binti wa marehemu dada yangu Mercyline, na nyumba hii ninayoilinda ni ya Mercyline. Anakuja tarehe 22. Kesho yake anasafiri Kimilili kuweka msalaba kaburini, na anataka kubeba floksi, lile ua la mama yake, akaipande pale. Iko kwenye tuta kando ya uzio, kati ya yale maua yanayochipuka yenyewe kila mwaka. Majani yake ni ya kijani, ukingo mweupe. Kimebaki kichaka kimoja tu. Amesema, Anko, hicho ndicho kitu cha mwisho Mama alipanda kwa mkono wake, tafadhali. Nimemwambia alale usingizi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekagua. Hali mbaya! Machipukizi ya kijani kitupu ni marefu, yana afya. Yenye ukingo mweupe ni matatu tu, mafupi, manyonge. Shambani tulifundishwa: jani likipauka ni virusi, toa, choma, kabla halijaambukiza wenzake.

Jirani Mbugua akachungulia juu ya uzio bila kualikwa. Huyu mzee alitunza bustani za watu Njoro miaka thelathini, basi anafikiri ni daktari. Akasema nikate ya kijani, la sivyo yatameza mengine. Ati weupe si ugonjwa, ndivyo ua lenyewe lilivyo. Nikamuuliza, mzee, umesomea wapi? Akasema hajasoma, ila ana macho.

Macho!

Nimekata yote matatu yenye weupe, polepole, akiniangalia. Nikayatupa upande wake ayaugue yeye.

Jumapili, 10 Agosti

Kichaka kimenawiri. Kijani kama sukuma wiki. Nimemtumia Celestine picha. Akauliza weupe uko wapi. Nikamwambia simu yangu haishiki weupe. Akasema sawa, Anko.

Ile sawa sikuipenda.

Ijumaa, 22 Agosti

Siku kumi na mbili nimengoja weupe uchipuke. Wapi! Asubuhi nikatafuta rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka geti, na mswaki. Jani kwa jani, ukingo kwa ukingo. Majani arobaini na saba. Ukisimama mbali, kazi safi kabisa.

Celestine hakusimama mbali. Aliweka begi chini, akaenda moja kwa moja kwenye tuta, akashika jani. Kidole kikawa cheupe.

Nilingoja matusi. Hakutukana. Alikaa chini kwenye udongo na nguo yake ya safari, akauliza kwa sauti ndogo: kwani Anko, miaka yote Mama akipalilia hapa, hukuwahi kuangalia? Miaka sita nimekula chakula cha Mercyline hatua kumi kutoka pale. Nikatafuta hadithi ya kumjibu. Sikupata. Mimi!

Hapo Mbugua akaita kutoka kwake, msichana wa Mercyline, hebu kuja uone. Mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia, imejaa udongo. Katika kila mkebe chipukizi moja, ukingo mweupe, limeshika mizizi. Ni yale niliyotupa. Akanigeukia akasema asante kwa miche, boss, ukiwa na ugonjwa mwingine kama huo nitupie.

Celestine alilia akicheka. Mbugua akampa mikebe miwili, wa tatu akaninyooshea mimi. Nikamwambia mtaalamu hapokei maua ya jirani.

Jumamosi, 23 Agosti

Celestine ameondoka alfajiri, mikebe miwili mapajani kama mapacha. Nimepigia ukoo wote simu. Nimewaeleza kwamba niliyatupa kwa Mbugua makusudi, ni mbinu ya Naivasha ya kugawa mali ili yote isiangamie pamoja. Shangazi amesema Mungu anibariki. Nimeitikia amina.

Saa nne Mbugua akaenda sokoni. Nikanyoosha mkono juu ya uzio, nikachukua ule mkebe wa tatu. Si wizi, ni mali ya ukoo. Sasa uko dirishani kwangu. Nimeuwekea mbolea vijiko vinne, maana kijiko kimoja ni cha watu wasio na haraka.

Kufikia saa tisa jani moja limelala. Saa kumi, mawili.

Mbugua amepita nje mara mbili, taratibu, kama mtu anayengoja kuulizwa. Mara zote mbili nimejificha nyuma ya pazia la Mercyline. Sijui mche huu unataka maji kiasi gani, na naogopa kumuuliza.