Mchicha Wangu Mbele ya Nzi

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Bwana afya kapita marikiti leo. Kasema Jumatano wauza mboga wote wa Darajani tutapimiwa mboga zetu, maana wapo wanaozimwagia dawa ya wadudu na kuzileta kuuza. Atakayekutwa nayo anapoteza mahali pake. Alipokuwa akisema alinitazama mimi. Kwa nini mimi? Nikatazama dari.

Mahali pangu ni mlangoni, kila anayeingia ananiona kwanza. Bi Mwatum anapamezea mate tangu zamani. Nyumbani ni jirani yangu, sokoni ni muuza mchicha mwenzangu. Mchicha wake una matundu kama chujio. Wangu hauna hata moja, kwani naumwagia ile poda ya kuulia mbu. Juzi tu nimeumwagia. Nshakwisha mie.

Jumanne, 2 Agosti

Nimekwenda maabara kumwona Simai, niliyesoma naye chuo cha Kurani. Kanionyesha upimaji wenyewe. Majani hukatwakatwa, hulowekwa katika spiriti, spiriti ikachujwa ndani ya chupa na kuachwa ikauke. Kisha hutiwa nzi wazima, mdomo ukafungwa kitambaa. Pembeni huwekwa chupa isiyopakwa kitu, nayo ina nzi. Kukicha, wakiwa chali kwenye chupa ya mboga na wazima kwenye ile nyingine, mboga ina sumu.

Nilicheka. Serikali nzima, hakimu wake nzi! Simai hakucheka. Nikamuuliza, kama kwa kupita tu, iwapo dawa hutoka kwa kuoshwa. Kasema haitoki yote.

Jioni nikaosha mchicha wa kesho kwa sabuni ya kufulia. Umelala chali wenyewe, hata nzi hawajaja. Unatoa povu.

Jumatano, 3 Agosti

Wazo limenijia alfajiri, natawadha. Nzi hawajui mchicha ni wa nani! Kutoka nje, nikaona kikapu cha Bi Mwatum barazani kwake, kimejaa mchicha. Nikaazima wote, kikapu nikakiacha. Mzuri ajabu, majani mapana, hauna tundu. Kumbe na yeye anaweza. Niliona wivu kidogo.

Bwana afya kachukua fungu kwangu, kaandika jina langu: Kificho. Nikamwamkia Bi Mwatum shikamoo ya heshima kabisa, nikamwambia leo kapendeza. Kaniitikia marahaba, kisha kaniuliza kama nna homa.

Ijumaa, 5 Agosti

Nzi wangu wamekufa wote. Simai anasema walipinduka kabla hajamaliza chai. Wa Bi Mwatum wanaruka.

Nimerudi nyumbani nimefura. Nikamwambia mke wangu, Tabia, kwamba Bi Mwatum ni mnafiki, mchicha wake wa nyumbani sumu tupu. Tabia kaniuliza nimejuaje. Ikabidi niseme habari ya kikapu.

Kacheka mpaka kakaa chini. Kumbe Bi Mwatum alituletea machungwa katika kikapu hicho, kwa ajili ya mtoto anayekohoa. Jumanne Tabia akakirudisha. Kukirudisha kitupu kaona aibu, mtu na ustaarabu wake, akakijaza mchicha wangu kabla sijaanza kuuosha. Usiku alipokipeleka, Bi Mwatum kalala, akakiacha barazani. Nimejiibia mwenyewe!

Kisha nikaingiwa na hofu ya kweli. Bi Mwatum ana mjukuu mdogo. Angeliupika ule mchicha! Lakini niliuchukua. Kwa hiyo nimewaokoa. Nikamwambia Tabia hivyo, wizi wangu una thawabu.

Hapo kaacha kucheka. Kaniuliza mbona mchicha wetu mimi mwenyewe siuli. Nikasema tumbo. Kaniuliza, na hao wanaonunua marikiti, wao nani anawaibia? Nikaenda kulala. Nilikuwa nimechoka.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimeondolewa mlangoni. Kapewa Bi Mwatum. Bwana afya kasema nitapimwa tena mwezi ujao, nikipita nitarudishiwa mahali pangu.

Bi Mwatum kaniita nikae pembeni yake nimuuzie mchicha wake wa matundu, tugawane. Kasema mwanangu, watoto watakula nini. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma zaidi. Nimekataa. Nimekwenda Forodhani kutazama maji.

Jumatatu, 22 Agosti

Wiki mbili zimepita tangu nikutane na Simai. Alilalamika kwamba nzi wa kupimia hawamtoshi. Nikajitolea kumfugia. Kafurahi, kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sikujua sayansi ina watu wema namna hii.

Nimewaweka jikoni, ndani ya chandarua cha mtoto. Nawapa maji ya sukari na poda kidogo ndani yake, wazoee. Wengi wamekufa. Waliobaki wana afya kunishinda mimi. Tabia kachukua watoto kahamia kwa Bi Mwatum, anasema nichague, yeye au nzi. Ni mwezi mmoja tu, atarudi.

Leo asubuhi nimemwagia poda shamba zima, nyingi kuliko siku zote. Nzi wangu wataiweza.