Kitufe cha Kupoozea Kinanda

Ndugu zangu wa grupu hili, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Tena dukani, Barabara ya Saba, mbele ya mwalimu wangu wa kwaya na mwenyekiti. Nasimulia mwenyewe kabla huyo mwenyekiti, Mama Rehema, hajawasimulia, maana huyo ataongeza chumvi.

Mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya yetu ya Mkonze. Mwaka wa sita huu. Wananiita Mtaalamu. (Sikuwakataza.) Nilikuwa na siri moja, na kwa kuwa leo imeacha kuwa siri, naiandika hapa: najua kupiga kwa do moja tu. Do ya C, ile ya vibonye vyeupe vitupu. Vile vyeusi huwa naviangalia tu.

Sasa Mwalimu Yohana, mwalimu wetu wa kwaya, huanzisha wimbo kwa do yoyote iliyomjia kooni. Jumapili hii yuko chini kwa sababu ya mafua, ijayo yuko juu. Mimi huponea kwenye kitufe kinaitwa transpozi. Ukikibonyeza, vidole vinabaki palepale, sauti ndiyo inayohama. Nasikiliza do ya mzee, nabonyeza mara mbili tatu, naingia. Wimbo unapendeza, hakuna anayejua kitu.

Siku moja Mwalimu akaniuliza, "Hicho unachobonyeza kila wimbo ni cha nini?"

Nikamjibu, "Cha kuipooza mashine, Mwalimu. Inapata joto."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka tu. Tangu siku hiyo akina mama wa soprano wamekuwa wakipokezana kukipepea kinanda kwa daftari la nyimbo. Miaka minne! Na mimi nimekaa pale nyuma kimya (upepo ulikuwa unanifikia).

Uongo ukazaa. Mwezi uliopita kwaya ikakata shauri: kinanda hiki kinachemka, kabla hakijaungua pamoja na kanisa, tununue kingine, na Mtaalamu ndiye akachague.

Basi leo asubuhi tukaingia dukani watatu, mimi, Mwalimu Yohana na Mama Rehema, mwenyekiti wa kwaya. Mwalimu akasalimia duka zima kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" kama yuko kwao Hombolo. Muuzaji, binti mmoja anaitwa Zuhura, akatuamkia. Mle ndani kulikuwa na mteja mmoja tu, mtu wa makamo asiyeona, mwenye fimbo nyeupe, kaning'iniza hedifoni shingoni, anapapasa kinanda kidogo pembeni. Akatuambia anafundisha muziki kule Buigiri. Tukasalimiana, akaendelea na shughuli zake.

Zuhura akatutembeza. "Hivi vya vibonye vidogo ni vya watoto. Hiki cha vibonye sitini na kimoja ni cha anayeanza, kina mpaka stika za do-re-mi. Na hii sasa ni piano ya dijitali. Themanini na nane, vibonye vizito kama piano yenyewe. Tumeshusha bei kwa sababu ina mkwaruzo ubavuni."

Mwalimu akaweka kiganja juu ya ile piano. Nikajua tumekwisha.

"Inapata joto?" akauliza.

"Joto?" Zuhura akashangaa. "Hapana mzee, haina joto lolote."

"Mtaalamu, kaa. Tuisikie."

Nikakaa. Nikatafuta transpozi. Kulikuwa na kitufe cha kuwashia, cha kuongezea sauti, na kingine kimoja ambacho sikukielewa. Basi! Transpozi hakuna. Do ziko kumi na mbili, mimi nilihitaji moja tu. Nikaanza kuomba kimoyomoyo mzee aangukie C.

Mwalimu akakohoa, akapandisha suruali, akaanzisha wimbo wetu wa mavuno. Mama Rehema akadaka sauti yake. Waliimba vizuri, siwezi kuwasingizia. Nami nikaingia na C yangu.

Fikirieni watu wawili wanaimba na nyuma yao lori linapiga honi. Ndivyo ilivyokuwa.

Wakanyamaza. "Umeanzia wapi wewe?" Mwalimu akauliza.

"Naipasha kwanza, Mwalimu." (Ndiyo. Miaka minne naipooza, leo naipasha.)

Akaanzisha tena, do ileile. Mimi nikainuka, nikapapasa nyuma ya piano, nikapapasa pembeni, mwisho nikapiga magoti nikachungulia chini, makalio yameelekea barabarani.

"Umedondosha nini?" akauliza Mama Rehema.

"Natafuta pa kuipoozea."

Hapo ndipo yule mwalimu wa Buigiri akageuka. Kwa upole kabisa, kwa nia njema kabisa (na hicho ndicho kinachoniuma), akasema, "Kaka, samahani. Unatafuta transpozi?"

Nilikuwa bado chini ya piano.

"Kwenye hizi inajificha. Shikilia kile kitufe cha tatu, halafu bonyeza kibonye cha do unayoitaka. Mzee ameanzia A flati, wewe uko C. Shuka nne."

"Transpozi ndiyo nini?" Mwalimu Yohana akamuuliza.

"Ya kuhamisha sauti, mzee. Inamsaidia mtu anayejua do moja."

"Siyo ya kupooza?"

"Kupooza nini?"

Zuhura akachukua kitambaa akaanza kufuta gitaa ambalo lilikuwa safi.

Mama Rehema ndiye wa kwanza kuufikia ukweli. Nilimwona anavyoufikia. "Kumbe ndiyo maana," akasema taratibu, "vile vibonye vyeusi vya kinanda chetu vina vumbi." Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, akautazama. "Na huu mkono, Mtaalamu? Ibada ya Pasaka nzima napepea!"

Mwalimu hakukasirika. Heri angekasirika. Aliketi kwenye kiti changu akaniangalia nikijikung'uta magoti.

"Kwa hiyo kinanda chetu ni kizima?"

"Kizima, Mwalimu."

"Sasa kinachopata joto ni nini?"

"Ni mimi, Mwalimu."

Nawaambia ukweli, machozi yalinilenga. Aibu, ndiyo, lakini na ahueni pia. Miaka sita ni mingi kuishi unaogopa koo la mzee mmoja.

Mwalimu akafikiri. Halafu akamgeukia Zuhura. "Binti, tufungie kile cha anayeanza. Chenye stika."

"Cha kanisani hicho?" Mama Rehema akadakia.

"Cha nyumbani kwake. Atakilipia mwenyewe. Na mpaka azijue do zote, Jumapili atasimama besi."

Yule mwalimu wa Buigiri akanipa mkono wakati tunatoka. "Anza na G," akaninong'oneza. "Ina cheusi kimoja tu."

Sasa hivi niko kwenye mkeka sebuleni, stika nimezibandika, nimeanza na G. Kile cheusi nimekipata mara mbili kati ya kumi. Mke wangu amepita akauliza kama mgeni yupo, maana hajawahi kunisikia nikipiga vibaya hivi.

Naombeni msicheke. Hasa ninyi wapiga vinanda wa kwaya nyingine mliomo humu. Najua mtasoma wote, mtakaa kimya, na mimi na ninyi tunajua kwa nini.