Wageni Elfu Moja na Moja

Jamani, leo nimejidhalilisha mwenyewe, tena kwa kipaza sauti.

Mnajua nafundisha hesabu sekondari. Mnajua pia namtaka Mwanaidi wa Isevya, na mshenga wangu alikuwa apeleke posa wiki ijayo. Sasa leo kaka yake Mwanaidi alikuwa anaoa. Nikaenda, kanzu imepigwa pasi, moja kwa moja hadi jikoni kwa mama yake, Bi Zuhura. (Kiherehere nimezaliwa nacho.)

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Kadi zilizokusanywa mlangoni ni elfu moja na moja. Nawakalisha saba saba. Masinia mia moja arobaini na tatu, habaki mtu."

Hapo ningenyamaza tu. Wapi!

"Mama, elfu moja na moja ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe." Nilishaijaribu kichwani: kwa mbili haikubali, ni witiri. Kwa tatu haikubali. Kwa tano haikubali. (Nikaishia hapo. Mwanafunzi akiishia hapo namnyima alama zote.) "Ama kila mtu na sinia lake, ama wote sinia moja!"

Bi Zuhura akanitazama, akarudi kwenye pilau yake.

Wageni wakakaa. Mimi sikukaa. Nikazunguka mikekani nahesabu vichwa, mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani. Saba. Saba. Saba tena. Jasho likaanza kunitoka, maana huyu ni mama mkwe, siyo mtu wa kubishana naye halafu ukashindwa. Mpaka sinia la mwisho kabisa, alipokaa mshenga wangu: sita! Nikarudia. Sita! Alhamdulillahi!

Nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. "Ndugu wageni, hesabu haidanganyi! Nilisema namba hii haigawanyiki kwa saba, nikapuuzwa. Haya, sinia la mwisho lina watu sita!"

Bi Zuhura akatoka jikoni, upawa mkononi.

"Mwalimu, na wewe ulitoa kadi mlangoni?"

"Nilitoa, mama."

"Umeshakaa?"

Uwiii! Uwanja mzima ulilipuka. Bibi mmoja alipaliwa, ikabidi apigwe mgongoni.

"Mia saba ni masinia mia," Bi Zuhura akaendelea, taratibu, kama anamfundisha mtoto. "Mia mbili themanini ni arobaini. Ishirini na moja ni matatu. Kaa ule, wenzako wanakusubiri."

Nikakaa. Nikamega tonge. Kule mbele Mwanaidi kajifunika mtandio uso mzima, mabega yanatikisika kwa kicheko. (Naapa pilau ilikuwa na ladha ya chaki.)

Nikamnong'oneza mshenga: "Posa bado ipo?"

"Ipo," akasema, huku ananawa. "Ila Bi Zuhura ameniuliza kama una kaka."

Naomba asicheke mtu. Ninaye, na hajaoa.