Siku Wuryani Alipomtaja Mama Mkwe Bila Jina

Sogeeni, enyi mlioacha vyungu mekoni, teremsheni moto na mtege masikio, maana nawaletea habari za vita vya Wuryani, Mkaanga Tempe, vile vipande vya soya, wa mji wa Magelang huko Indonesia, Mama wa Watatu Wasioshiba, siku aliposimama mbele ya Pak Hendarto, yaani Bwana Hendarto, mwalimu wa Kiingereza, kupigania wali wa wanawe.

Nyumba moja ya wageni ilitaka mpokezi mwenye cheti cha Kiingereza, na cheti kilikuwa mkononi mwa Pak Hendarto. Sharti lilikuwa hili: amweleze mtu wa nyumbani kwake kwa sentensi kumi, jina alitaje mara moja tu, kisha zamu ishikwe na askari mdogo wa Kiingereza aitwaye "she". Jina likirudiwa, mwalimu angegonga glasi kwa kijiko. Mlio wa tatu, rudi nyumbani.

Naye shujaa, kwa ujasiri usio na hesabu, alimchagua mama mkwe wake, Bu Sumirah, "Bu" ikiwa ni "Mama" ya heshima kwao, ambaye alikuwa amekuja kusikiliza na kuketi mstari wa mbele.

"Bu Sumirah ana miaka sabini," alianza kwa Kiingereza. "Bu Sumirah anapika vizuri."

Ting!

"Bu Sumirah anaamka mapema."

Ting!

"Bu Wuryani, unataka glasi ipasuke?" alinguruma mwalimu. "Sema 'she'!"

"Hiyo 'she' ndiyo nini?" aliuliza Bu Sumirah.

"Ni 'yeye' tu, Bu," alijibu mwalimu.

"Yeye? Mimi? Kama paka aliyepita dirishani?" Akamgeukia mkaza mwanawe. "Thubutu! Miaka kumi na miwili unakula mchuzi wangu, leo niwe yeye!"

"Pak, umesikia mwenyewe," alisema Wuryani, jasho likimtiririka. "Nikisema 'she' sina pa kulala. Nisiposema sina kazi. Sasa nifanyeje?"

"Hiyo sijui. Mimi nafundisha Kiingereza."

Pande mbili zikamkabili, kijiko kikiwa juu, jicho la mama mkwe likiwaka. Ndipo Wuryani alipochomoa silaha aliyopewa na mamaye tangu utotoni: alikunja vidole vinne vya mkono wa kulia, akamwelekezea Bu Sumirah kidole gumba kwa adabu, mkono wa kushoto ukishika kiwiko, akainama hadi kiuno kikalia.

"She," alisema akiwa chini huko, "anapika vizuri."

Kijiko hakikushuka. Akainuka, akainama tena. She anaamka mapema. She hamwogopi daktari. Kufika ya sita mgongo uliomba amani, hakuupa. Akazimaliza zote tisa, kila "she" na heshima yake.

Bu Sumirah alijiweka vizuri kitini.

"Kama yeye mwenyewe ni wa kuinamiwa hivyo," alisema, "basi ni mimi."

Pak Hendarto akatia sahihi.

Na iandikwe katika kumbukumbu za dahari: Jumanne, saa nne na robo asubuhi, darasani juu ya duka la baiskeli, sentensi tisa zilivuka salama bila jina hata moja, na mama mkwe hakununa.