Mtoro wa Kambi ya Taifa

Mimi ndiye mwenye dele la kahawa na vikombe hapa nyuma ya soko la Ujiji, kwa hiyo nikisema wateja wangu ni wapuuzi nina haki yangu. Mtu anaagiza kikombe kimoja, anaisema nchi nzima tangu adhuhuri mpaka alasiri, halafu akiondoka ananiambia kahawa yangu siku hizi nyepesi.

Siku hiyo Chande Mitabendi alikuwa amepakata redio yake. Ukiigusa tu mnakosana. Ilipofika taarifa ya michezo akatunyamazisha wote kwa kidole.

Mtangazaji akasema viongozi wa Chama cha Mbio Ndefu wametangulia nje ya nchi kukagua mazingira ya mashindano ya mwezi ujao. Akameza mate, akaendelea: mkimbiaji Verediana Thobias ametoroka kambini na hajulikani alipo, mwananchi atakayemwona atoe taarifa.

Abdulmajid akajimwagia kahawa mapajani. Huyu ni muuza samaki, tunamwita Mgebuka, kama yule samaki wa ziwani, kwa urefu na wembamba.

"Lahaula! Verediana huyu wa hapa? Ameanza lini ukimbizi?"

"Mkimbiaji, we Mgebuka! Mkimbiaji, si mkimbizi!" Chande akang'aka.

"Si wamesema katoroka kambini?"

"Kambi ya mazoezi! Kambi ya timu ya taifa!"

Mgebuka tusimlaumu sana. Miaka hii ukitaja kambi hapa Kigoma, hata mtoto anayenyonya anajua unasema turubai, foleni ya maji na Warundi. Hayo mambo ya kambi ya mazoezi ni ya watu wa Dar es Salaam.

"Haya, mkimbizi na mkimbiaji wana tofauti gani?" Mgebuka akauliza huku akipangusa suruali.

"Mkimbizi anakimbia asife," Chande akasema. "Mkimbiaji anakimbia ili viongozi wapate posho."

Tukacheka, isipokuwa Thobias. Thobias ni fundi mwashi, na ndiye mzazi wa huyo Verediana. Tangu bintiye achaguliwe timu ya taifa tulimbatiza Baba Taifa, naye jina akalipenda, akawa anatembea kifua mbele hadi msikitini, wakati yeye ni Mkatoliki. Leo alikuwa amejikunyata kwenye pembe ya benchi.

"Baba Taifa, mtoto yuko wapi?" nikamuuliza taratibu.

"Yuko nyumbani. Amekuja na treni ya jana. Tangu ameingia ni kulala tu."

"Kwa hiyo kweli katoroka!"

"Katoroka njaa!" Thobias akafoka mpaka vikombe vyangu vikacheza. "Kambi gani ile? Wamelazwa darasani, juu ya madawati. Asubuhi chai ya rangi, mchana hotuba, jioni chai ya rangi. Akiuliza raba, anaambiwa ziko njiani. Akiuliza nyama, iko njiani. Mwalimu wa mbio naye yuko njiani. Walioondoka ni viongozi peke yao!"

"Kukagua mazingira," Chande akachomekea.

"Wakague mazingira ya tumbo la mwanangu! Nilimpeleka stesheni na mashavu, amerudi mifupa. Na bado anataka kurudi akimbie. Mama yake yuko nyumbani anatwanga muhogo wa kumfungia, mimi hata nauli ya kumrudisha sina. Hiyo ndiyo timu ya taifa, chakula inapelekewa kutoka Ujiji!"

Sikutaka kumtazama usoni, nikajifanya napuliza makaa.

"Lakini msafara ulikuwa mkubwa," Mgebuka akasema. "Ile siku walitaja mwenyekiti, makamu, mweka hazina, mke wa mweka hazina..."

"Yule ni daktari wa timu," Chande akasema.

"Daktari? Si anasuka nywele yule?"

"Si anatibu vichwa!"

Kwenye jiwe karibu na mlango alikuwa ameketi Mwalimu Anatoli, Mrundi, mtu mpole. Kwao alikuwa akifundisha mbio, sasa anaishi kambini, na siku hiyo alikuwa na kibali cha kuja mjini kumwona mgonjwa hospitali. Akaweka kikombe chini.

"Yampaye inka!" akashangaa kwa Kirundi. "Huko kambini kwenu jina haliitwi?"

"Linaitwaje?"

"Kule kambini kwetu siku ya mgao jina linaitwa, mwenye jina anasimama, unga wake unapimwa akiuona. Ukipunjwa maharage kikombe kimoja, akina mama wanapiga kelele mpaka mkubwa anatoka ofisini na jasho. Chama chenu nani anakipigia kelele?"

Chande akapunguza sauti ya redio.

"Sisi," akasema. "Tunapiga hapahapa."

"Kwa kikombe kimoja," nikamwambia. Akajitia hakusikia.

"Mimi nina vijana wangu, kila asubuhi tunakimbia," Anatoli akaendelea. "Wafadhili walileta raba. Za wasichana zimebaki, hakuna wa kuzivaa. Huyo mtoto ningempata mwezi mmoja tu..."

"Mwalimu, usinitamanishe," Thobias akasema. "Mwanangu si mkimbizi. Mlangoni tu wangemrudisha."

Ikawa kama amemwita. Verediana akatokea kwenye kichochoro, miguu mitupu, kashika chupa ya mawese aliyotumwa na mama yake.

"Shikamooni."

"Marahaba, mtoro!" tukaitikia kwa pamoja. Akacheka, lakini shingo ilikuwa imebaki kamba tupu. Nikamkatia kashata mbili bila kudai chochote, jambo ambalo kijiwe hiki hakijawahi kuliona.

Hajaimaliza ya kwanza, akaja Faridi Kirungu. Ni mgambo, na kazi yake kubwa ni kukamata watu waliotoka kambini bila kibali. Akatuelekea moja kwa moja.

"Redio imesema kuna mkimbizi katoroka kambini. Ndiye huyu?"

Chande akafungua mdomo asahihishe. Kusahihisha watu ndiyo starehe yake pekee duniani. Thobias akamkanyaga kwa lile buti la ujenzi, mdomo ukajifunga wenyewe.

"We binti, umetoka wapi?"

"Kambini, afande," Verediana akajibu kwa lafudhi yake ya Kiha, ambayo masikioni mwa Faridi ni Kirundi kitupu.

"Kwa nini umetoroka?"

"Njaa."

"Mwongo! Kambini chakula kipo! Mimi mwenyewe nyumbani nakula unga wa kambi, ananiuzia shemeji!"

"Kambini kwangu hakikuwepo, afande."

"Kibali?"

"Sina."

Anatoli akatoa chake, akakinyoosha vizuri kwenye goti. Kijiwe kizima, aliyekuwa na karatasi zilizokamilika ni mgeni.

"Afande," Chande akajikaza, "huyu kwa kweli ni mkimbia..." Buti likashuka tena.

"Mkimbia, mkimbizi, zote ni mbio! Lori la kambini linaondoka sasa hivi, atapanda na huyu mwalimu."

Thobias akasimama. "Afande, mtu akitoroka kambini, nauli ya kumrudisha anatoa nani?"

"Serikali."

"Na chakula njiani?"

"Serikali. Biskuti zipo kwenye lori."

Thobias akamtazama bintiye, binti akamtazama Mwalimu Anatoli. Mwalimu akainamisha kichwa kidogo tu, ego, yaani ndiyo ya kwao. Verediana akamkabidhi baba yake chupa ya mawese, akamnyooshea mgambo mikono yote miwili.

"Nikamate, afande."

"Mshike vizuri!" Baba yake akapaza sauti, macho yamejaa machozi. "Anakimbia sana huyo!"

Wakaondoka. Chande alichechemea siku kadhaa.

Mwisho wa mwezi, Anatoli akaja tena na kibali kipya. Redio ilikuwa inasema viongozi wamerejea salama, mazingira wameyaona ni mazuri, na mkimbiaji bado anatafutwa. Thobias hakuisikiliza. Alimdaka mwalimu mkono kabla hajaketi.

"Mwanangu anasemaje?"

"Anawasalimu. Raba zimemkaa, mashavu yamerudi, na vijana wangu wote anawaacha nyuma. Amesema mama aache kutwanga muhogo. Kule jina lake likiitwa, anayekwenda kupokea ni yeye mwenyewe."

Thobias akacheka huku akijifuta machozi kwa kofia.

"Na mashindano?" Chande akauliza. "Si wiki ijayo?"

"Ego. Amenituma kwa Afande Faridi," Mwalimu Anatoli akasema, akipokea kikombe. "Nimwambie keshokutwa atatoroka tena. Aandae nauli ya serikali ya kumrudisha kambini, ila safari hii iwe ile ya taifa."